Waraka ni Nusu ya Kuonana: Shule, Kaya na Mitihani kutoka Mbozi hadi Tunduma

Utangulizi

Watu wa mwambao husema kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Methali hiyo inabeba sifa na upungufu kwa pamoja. Inausifu waraka kwa kuwa humfikisha mtu mahali ambapo miguu yake haikufika. Papo hapo inakiri kwamba waraka peke yake haukamilishi kuonana. Nusu ya pili hubaki mikononi mwa aliyeupokea: ausome, auelewe, kisha ajibu. Waraka usiosomeka, au usomwao bila kueleweka, au usio na mlango wa kujibiwa, haufikii hata hiyo nusu ya kwanza.

Mhadhara huu unaitumia methali hiyo kuchunguza aina moja ya maandishi ya Kiswahili ambayo haina heshima ya tenzi wala ya hati za kale, lakini imeingia katika nyumba nyingi kuliko hizo zote: barua ya shule kwa mzazi, hususan ile inayoandikwa wakati mtihani unapokaribia. Eneo linalochunguzwa ni nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Tanzania, kati ya Mbozi na mpaka wa Zambia. Sehemu hiyo ilikuwa ya Mkoa wa Mbeya hadi 2016, ulipoundwa Mkoa wa Songwe, makao yake makuu yakiwa Vwawa. Mkoa huo una wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, na mji wake mkubwa ni Tunduma, uliokabiliana na Nakonde ya Zambia.

Sababu ya kulichagua eneo hili ni ya kiisimu. Hapa Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani ya wenyeji. Mbozi ni nchi ya Wanyiha. Mpakani wako Wanyamwanga. Ileje wako Wandali na Walambya. Songwe wako Wabungu. Kwa hiyo shule ilipomwandikia mzazi kwa Kiswahili, ilimwandikia kwa lugha aliyolazimika kujifunza. Swali linaloulizwa ni hili: ni lini, na kwa masharti gani, mzazi wa nyanda hizi aliweza kuona maandalizi ya mwanawe kwa ajili ya mtihani, badala ya kupelekewa matokeo tu? Jibu linalotetewa ni kwamba jambo hilo liliwezekana kwa upana pale tu lugha ya barua, lugha ya daftari, lugha ya mtihani na lugha ya kisomo cha mzazi zilipokuwa moja. Zilipotengana, kaya ilibaki na kazi ya kulipa, kusubiri na kusikitika.

Maneno na safari yake

Msamiati wa shule unabeba historia hii waziwazi. Neno shule lilitoka katika Kijerumani, ilhali Zanzibar walichukua skuli kutoka Kiingereza. Mwalimu, darasa, elimu na mtihani ni maneno yenye asili ya Kiarabu, nayo yalikwisha kukaa katika vyuo vya Kurani kabla ya shule ya serikali kuwapo. Kufeli ni neno la Kiingereza lililovishwa kiambishi cha Kibantu. Inafaa kuzingatiwa kwamba hata mtoto aliyetahiniwa kwa Kiswahili tangu swali la kwanza hadi la mwisho, akishindwa, husemwa kuwa amefeli.

Maneno mawili yanastahili kutazamwa kwa makini zaidi. La kwanza ni cheti, lililotoka Bara Hindi. Maana yake ya awali ni kijibarua, yaani maandishi mafupi apelekewayo mtu. Baadaye likawa kibali, kisha stakabadhi, na hatimaye hati ya kuhitimu. Maandishi yaliyokusudiwa kumwambia mtu jambo yakageuka kuwa maandishi ya kumthibitishia mtu hadhi. La pili ni waraka wenyewe. Asili yake katika Kiarabu ni jani au karatasi, na katika methali ni barua ya mtu kwa mtu. Leo, anaposikia neno waraka, mwalimu mkuu wa shule ya msingi huwazia kwanza Waraka wa Elimu, yaani agizo lenye namba na mwaka litokalo wizarani. Waraka wa methali ulitazamia jibu. Waraka wa Elimu hutazamia utekelezaji. Mabadiliko hayo ya maana ndiyo muhtasari wa historia inayofuata.

Misheni, mpaka na barua ya kwanza

Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1890 yalipitisha mpaka katikati ya nchi ya Wanyamwanga, na ndugu wakajikuta chini ya dola mbili. Upande wa kusini, Waskoti wa misheni ya Livingstonia walifungua kituo cha Mwenzo katikati ya miaka ya 1890. Upande wa kaskazini, Wamoravian, waliokuwa wamefika Rungwe mwaka 1891, walianza kazi Mbozi mwaka 1899 chini ya Traugott Bachmann. Wamoravian walithamini lugha za wenyeji, na Kinyiha kikaandikwa na kusomwa. Katika shule hizo za awali, mtihani mkubwa haukuwa wa serikali. Ulikuwa wa mwanafunzi wa ubatizo, aliyehojiwa mbele ya kanisa kwa lugha ambayo mama yake aliisikia na kuielewa. Kaya haikuhitaji barua ili kujua mtoto anafundishwa nini.

Serikali ya Kijerumani ilikuwa na mahitaji mengine. Shule yake ya Tanga, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilikusudiwa kutoa makarani, walimu na maofisa wadogo watakaoandika Kiswahili. Maakida na majumbe wakaandikiana na maboma kwa lugha hiyo, na kwa njia hiyo Kiswahili cha maandishi kikafika nyanda za juu kikiwa lugha ya boma: lugha ya kodi, ya wito na ya amri. Jambo hili lina uzito, kwa sababu barua ya shule ilipokuja baadaye, ilikuta umbo la barua ya boma likimsubiri. Maneno unatakiwa kufika bila kukosa, ambayo hata leo huonekana katika barua nyingi za kumwita mzazi shuleni, ni sarufi ya utawala. Kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa, anayetaka hatajwi, na sababu, ikiwa ipo, huachwa hadi mzazi atakapofika.

Hata hivyo, waliosoma hawakubaki wapokeaji tu. Huko Mwenzo, Donald Siwale na wenzake, waliotokana na shule za Livingstonia, waliendesha chama cha ustawi cha Mwenzo, kilichofufuliwa mwaka 1923, na kupeleka hoja za watu wao kwa watawala kwa maandishi. Shule iliyofundisha watu kusoma barua za wakubwa iliwafundisha vilevile kuziandika.

Chujio la Mwingereza na jitihada za wazazi

Chini ya Waingereza, Kiswahili kilipewa nafasi rasmi katika madarasa ya chini. Idara ya Elimu ilianza kutoa jarida la Mambo Leo mwaka 1923. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaundwa mwaka 1930 ili kusanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja. Kwa mtoto wa Mbozi, hii ilimaanisha kwamba kutoka lugha ya nyumbani aliingia Kiswahili, kisha, kama alibahatika kupanda, aliingia Kiingereza. Kila kivuko cha lugha kilikaribiana na kivuko cha mtihani. Darasa la nne lilikuwa chujio la kwanza. Wengi walirudi nyumbani hapo.

Kulikuwa na jaribio moja mashuhuri la kuisogeza kaya karibu na shule. Katika shule ya serikali ya Malangali, Iringa, mwishoni mwa miaka ya 1920, mkuu wa shule W. B. Mumford aliwashirikisha machifu na wazee katika malezi ya wanafunzi na kuziingiza mila za makabila katika ratiba. Nia ilikuwa ya kujenga daraja, lakini upande mmoja wa daraja ulisahauliwa. Wazee waliitwa kufundisha mila. Hawakuitwa kuelezwa masomo yaliyompatia mtu ukarani. Wazazi wa kizazi kile walijua vizuri kwamba mtoto hakupelekwa mbali kwenda kujifunza yale ambayo angejifunza nyumbani. Walitaka cheti, na juu ya njia ya kukipata hawakuulizwa wala hawakuambiwa.

Jibu la wazazi wenyewe lilikuja kwa njia ya umoja. Mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya kuzaliwa kwa TANU, ilianzishwa TAPA, Chama cha Wazazi wa Kiafrika wa Tanganyika, kilichoshirikiana na TANU na kufungua shule za watoto waliokosa nafasi. Katika nchi nzima, wakati wa Uhuru mwaka 1961, watoto wa shule za msingi walikuwa kama 490,000, wengi wao wakiishia darasa la nne, na wa sekondari walikuwa 11,832 tu. Kwa hesabu hiyo, mzazi aliyejenga shule ya TAPA hakuwa na matumaini makubwa ya kumwona mwanawe sekondari. Alitaka mtoto ajue kusoma. Ni katika chama hiki ndipo neno mzazi lilipopata sura ya kisiasa: si mtu wa kuitwa tu, bali mwenye shule. Jumuiya ya Wazazi, iliyorithi kazi hiyo, iliendelea kumiliki shule baada ya Uhuru.

Miaka ambayo lugha zilikutana

Mwezi Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Andiko hilo lilieleza kwamba watoto 13 tu kati ya kila 100 wamalizao shule ya msingi ndio watakaopata nafasi za sekondari, na likaonya kwamba shule zilikuwa zikiwaandaa wote kwa mtihani ambao wengi lazima washindwe. Kuanzia wakati huo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi hadi darasa la saba. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa Sheria Na. 21 ya 1973. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, likipanga ifikiwe mwaka 1977, na likataka mwanafunzi apimwe kwa kazi na tabia pia, si kwa karatasi ya siku moja.

Mara nyingi historia ya elimu huishia hapo, kwa watoto. Lakini jambo lililoubadili uhusiano wa shule na kaya lilitendeka jioni, wakati watoto wamekwisha kurudi nyumbani. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kampeni ya kisomo ikaenea nchi nzima, na mara nyingi madarasa yake yalikuwa yaleyale ya watoto, madawati yaleyale, na walimu walewale. Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo, na mingine ikafuata katika 1977, 1981, 1983 na 1986. Watahiniwa walipangwa katika hatua nne. Kwa takwimu rasmi, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika, waliokuwa karibu thuluthi mbili mwanzoni mwa kampeni, walipungua hadi asilimia 39 mwaka 1975 na kufikia takriban asilimia 10 mwaka 1986.

Uzito wa takwimu hizo kwa mada hii haupo katika wingi wake pekee. Kwa mara ya kwanza, mzazi naye alikuwa mtahiniwa. Mama aliyekaa mbele ya karatasi, akashika kalamu, akaogopa swali, alimwelewa mtoto wake wa darasa la saba kwa namna ambayo barua isingeweza kumwelewesha. Zaidi ya hayo, lugha aliyotahiniwa kwayo ilikuwa ileile ya daftari la mtoto. Aliweza kulifungua, kuona hesabu iliyokatwa kwa kalamu nyekundu, kusoma sentensi ya mwalimu iliyosema rudia kazi hii, na kuuliza kwa nini. Si kila mzazi alifanya hivyo. Lakini hapakuwa na kizuizi cha lugha cha kumzuia.

Mambo mengine mawili yalisaidia. Operesheni Vijiji, ya kati ya 1973 na 1976, pamoja na machungu yake, iliziweka kaya nyingi karibu na shule, na mkutano wa wazazi ukawa mwendo wa miguu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa tangu 1970 na kukamilika 1975, ilipita Mlowo, Vwawa na Tunduma, ikaleta wafanyakazi na wafanyabiashara wa makabila mbalimbali ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Barua za wakati huo zilianza kwa neno ndugu. Ndugu mzazi ni anwani iliyobaki hadi leo katika barua za shule, ingawa wengi waiandikao hawakumbuki tena kwamba ilikuwa anwani ya usawa. Katika sentensi moja mtu huitwa ndugu mwanzoni na kutakiwa kufika bila kukosa mwishoni; TANU na boma bado wanaishi katika karatasi moja.

Ulinganisho na ng'ambo ya mpaka unaonyesha kilichopatikana. Zambia, kwa uamuzi wa 1966, ilikifanya Kiingereza lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kwa hiyo binamu wawili Wanyamwanga, mmoja Nakonde na mwingine Tunduma, walimaliza miaka saba ya shule wakiwa wametahiniwa kwa lugha mbili, na hakuna hata mmoja aliyetahiniwa kwa Kinyamwanga. Tofauti yao ilikuwa nyumbani. Mzazi wa Tunduma alikuwa amejifunza, sokoni au katika kisomo, lugha ya mtihani wa mwanawe. Mzazi wa Nakonde ambaye hakuwa amesoma shuleni hakuwa na njia ya jioni ya kuifikia lugha hiyo.

Kidato cha kwanza na mlango uliofungwa

Mkutano huo wa lugha uliishia darasa la saba. Mlango wa kidato cha kwanza ulikuwa wa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia 1985. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu Criper na Dodd walionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kubeba masomo yao; hata hivyo hatua iliyofuata ilikuwa kukiimarisha Kiingereza, si kubadili lugha ya kufundishia.

Maadamu sekondari ilikuwa ya wachache, athari za uamuzi huo zilizikumba kaya chache. Hali ilibadilika baada ya 2000. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulifuta ada za shule za msingi na kuzipa kamati za shule nguvu mpya, pamoja na wajibu wa kubandika mapato na matumizi kwenye mbao za matangazo. Kisha zikaja sekondari za kata, zilizojengwa kwa kasi tangu 2006 kwa matofali, mchanga na michango ya wananchi. Shule za sekondari nchini ziliongezeka kutoka 1,745 mwaka 2005 hadi 4,266 mwaka 2010, na wanafunzi kutoka takriban 524,000 hadi zaidi ya 1,600,000.

Katika vijiji vya Mbozi na Momba, kama kwingineko, wazazi waliobeba mawe ya msingi waliingia katika uhusiano wa ajabu na shule waliyoijenga. Barua ya kuchangia iliandikwa kwa Kiswahili. Barua ya kuitwa mkutanoni iliandikwa kwa Kiswahili. Daftari la mtoto, kitabu chake, karatasi ya mtihani wa majaribio, na mara nyingi maneno ya walimu katika ripoti ya muhula, yaliandikwa kwa Kiingereza. Kwa maneno mengine, shule ilisema Kiswahili ilipohitaji kitu kutoka kwa kaya, na ilisema Kiingereza ilipokuwa ikifanya kazi yake yenyewe. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Lakini mzazi aliyefundishwa na kampeni ya kisomo kulisoma daftari la mwanawe alirudishwa nje ya mlango.

Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya 2012. Zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Serikali iliunda tume, na mwezi Mei matokeo hayo yakafutwa na kupangwa upya. Mjadala ulikuwa mkubwa kuhusu viwango vya alama, walimu, vitabu na maabara. Jambo lililozungumzwa kwa nadra ni mshangao wa wazazi. Mshangao huo wenyewe ni ushahidi. Kwa miaka minne kaya zilikuwa zimepokea barua za shule, na barua hizo hazikuwa zimezitayarisha kwa habari hiyo. Mtu hashangazwi na mwisho wa safari ambayo ameifuatilia hatua kwa hatua.

Hata lugha ya kutangazia matokeo haikutulia. Matokeo ya 2014 yalitolewa kwa mfumo wa wastani wa alama badala ya madaraja yaliyozoeleka. Mwaka 2016 madaraja yakarejeshwa. Mzazi aliyekuwa ameshajifunza maana ya daraja la kwanza na daraja la nne alitakiwa ajifunze upya, kisha asahau tena.

Tunduma: kalenda, kambi na simu

Maandalizi ya mtihani katika Songwe yana kalenda mbili zinazosigana. Kalenda ya Baraza inaweka mtihani wa darasa la saba Septemba na wa kidato cha nne Novemba. Kalenda ya shamba ina yake. Kahawa ya Mbozi huvunwa katikati ya mwaka na kazi yake hufika hadi Septemba; mvua huanza Novemba, na mahindi hupandwa. Mtihani wa kwanza humkuta mtoto akitoka katika mavuno, na wa pili humkuta wakati jembe linahitajika. Tunduma hakuna jembe, lakini kuna mpaka: maduka, maghala, foleni za malori, na wazazi wanaolala safarini kati ya Zambia na Dar es Salaam. Huko barua ya shule mara nyingi hupokewa na bibi, shangazi au kaka mkubwa. Mkwaju uliomo katika anwani mzazi/mlezi ni alama ndogo, lakini unasema kweli juu ya kaya za mji huo.

Shule zimejibu kwa mtihani wa utamilifu, masomo ya ziada na kambi za kitaaluma, ambapo watahiniwa hulala shuleni kwa majuma kadhaa kabla ya mtihani. Kambi humwokoa mtoto na shamba na duka. Humpa taa ya kusomea na mwalimu wa karibu. Lakini, kwa mtazamo wa mada hii, kambi ni ungamo: shule imekata tamaa ya kuishawishi kaya, ikaamua kumtoa mtoto humo. Barua ya kambi huorodhesha mahindi, maharage, godoro na fedha. Mara chache huorodhesha yale ambayo mtoto amekwama kwayo.

Juu ya michango hiyo kuna historia ya karibuni. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 uliondoa ada katika elimumsingi hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni. Kaya zilipata nafuu ya kweli. Papo hapo, mikutano mingi ya wazazi iliyokuwa imejengwa juu ya ajenda ya michango ilibaki bila ajenda. Ilibainika kwamba kwa miaka mingi fedha ilikuwa ndiyo lugha pekee ambayo shule na kaya walizungumza bila mkalimani.

Sasa simu imeingia. Ujumbe mfupi humfikia mzazi aliye Lusaka kama alivyo Vwawa, na matokeo ya Baraza husomwa kwenye mtandao dakika yanapotoka, kabla mwalimu mkuu hajayabandika ukutani. Lakini kinachowasili kwa kasi ni kilekile: namba ya mtahiniwa, herufi za masomo, daraja. Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza orodha ya shule na wanafunzi kumi bora, uamuzi uliopunguza ushindani wa majina. Haukugusa, wala haukukusudiwa kugusa, swali la mzazi kujua mapema mtoto wake anaelekea wapi.

Wenye uwezo wamejitafutia jibu lao. Shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza, zilizoenea tangu miaka ya 1990, huvutia wafanyabiashara wa mpakani kwa hoja inayoeleweka: mtoto asivuke lugha na mtihani kwa pamoja akifika kidato cha kwanza. Gharama yake huonekana nyumbani. Mzazi asiyejua Kiingereza hulipoteza daftari la mwanawe akiwa darasa la kwanza, si kidato cha kwanza. Shule hizo huwaandikia wazazi wengi kwa Kiswahili, na kwa kufanya hivyo zinakiri ni lugha gani inayofika.

Hitimisho

Historia hii haifundishi kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Shule za msingi za miaka ya 1970 zilijaa, vitabu vilikuwa haba, na nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Inachofundisha ni kwamba uhusiano wa shule na kaya haujengwi na wingi wa barua wala kasi ya kuzifikisha. Ulistawi pale mzazi alipopewa uwezo wa kuisoma kazi ya mtoto, na ulidhoofika pale lugha ya kazi hiyo ilipoondolewa mkononi mwake.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, katika toleo lake la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Maana yake ni kwamba kila kaya ya Songwe, si ya wachache tena, itaishi miaka minne upande wa pili wa mlango wa lugha. Mjadala mkubwa wa lugha ya kufundishia utaendelea, na hauwezi kumalizwa na mhadhara mmoja. Lakini yapo mambo ambayo hayahitaji kusubiri sheria. Shule ya sekondari inaweza kuandika kwa Kiswahili, baada ya mtihani wa utamilifu, sentensi tatu juu ya kila mtahiniwa: analoweza, lililomshinda, na linalofaa kufanywa nyumbani kabla ya Novemba. Mkutano wa wazazi unaweza kufunguliwa kwa karatasi ya mtihani iliyofasiriwa, kabla ya hesabu ya magunia. Na penye wazee wasiokimudu Kiswahili, Kinyiha na Kinyamwanga vipo, na wakalimani wake wamo humohumo ukumbini.

Ripoti ya muhula, katika shule nyingi za nchi hii, huwa na nafasi tatu chini yake: maoni ya mwalimu wa darasa, maoni ya mkuu wa shule, na maoni ya mzazi au mlezi. Nafasi ya tatu mara nyingi ni mstari mmoja, na mara nyingi hurudi shuleni ikiwa na saini tu. Ni rahisi kusema kwamba mzazi hakujali. Atakayeisoma upya ripoti hiyo kuanzia juu, na kujiuliza ni maneno mangapi kati ya yaliyotangulia mstari huo mzazi angeweza kuyajibu, ataona sababu nyingine. Mstari huo ndio nusu ya pili ya kuonana. Umeachwa wazi kwa miaka mingi, na bado unasubiri swali ambalo mwenyewe anaweza kulisoma.